Diski ya Penina

Penina hakuwahi kupiga chapa barua bila karatasi ya kaboni. Miaka kumi na saba kwenye taipureta ya idara moja ya serikali hapa Dodoma, kila barua nakala tatu: moja iende, moja ikae kwenye faili, na moja kwa ajili ya yule atakayepoteza hizo mbili. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliwajibu kwamba akiba haiozi, akaendelea kugonga.

Mtu huyohuyo ndiye aliyeiweka kazi yake ya miaka mitano kwenye diski moja. Hata leo nikikumbuka nashika kichwa.

Mwaka 1994 taipureta zilianza kutolewa ofisini, na wapigaji wake nao wakaanza kutolewa mmoja mmoja. Penina, mjane mwenye watoto wawili, akajiandikisha kusomea shahada ya sayansi ya kompyuta kwenye tawi la chuo kikuu lililofundisha jioni na Jumamosi. Mama yake, Loisi, akafunga nyumba yake kule Kibakwe, akaja kwa Penina, mtaa wa Nkuhungu hapa mjini, kupika na kulea wajukuu ili binti asome. Darasani vijana walimwamkia Penina shikamoo kabla ya kumwomba daftari wanakili. Viatu walivulia mlangoni, maana vumbi la Dodoma na kompyuta haviivi chungu kimoja, na kila mtu alijua soksi ya nani imetoboka.

Juni 1999 orodha ya watakaopunguzwa kazi ilibandikwa, na jina lake lilikuwamo. Afisa utumishi, Bwana Yotham, hakumzungusha.

"Dada Penina, niletee barua ya chuo kwamba umemaliza, nikuhamishie kitengo cha kompyuta. Mwisho Ijumaa saa tisa alasiri. Ikipita hapo, dada yangu, sina la kukusaidia."

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: mradi wake wa mwisho, programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea masijala, mistari elfu moja na mia mbili. Aliimaliza Jumamosi. Kazi zilizokuwa kwenye mashine za chuo zilifutwa kila Jumapili kupata nafasi, kwa hiyo kila mwanafunzi aliondoka na yake kwenye diski ndogo ya flopi. Penina aliifunga diski kwenye leso, akafika nayo nyumbani, akamkabidhi mama yake.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu yote. Isipate maji, isipate vumbi, watoto wasiiguse."

Loisi aliipokea kwa mikono miwili. Nyumba ile ilikuwa na mahali pamoja pa heshima: juu ya spika kubwa ya redio, chini ya kitambaa cha kufuma, palipokaa vyeti vya ubatizo na picha ya marehemu mkwewe. Akaiweka hapo. Kila jioni aliwasha redio, akasikiliza habari na matangazo ya vifo, na hakuruhusu mjukuu kusogea.

Ijumaa asubuhi mwalimu Sostenes aliingiza diski kwenye mashine. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikaandika kwamba haisomeki. Wakajaribu ya pili. Wakajaribu zote sita.

"Uliihifadhi wapi, dada Penina?"

"Juu ya spika ya redio. Hapakuwa na vumbi hata chembe."

Sostenes akavua miwani. "Ndani ya spika kuna sumaku. Sumaku hufuta diski."

"Basi irudishe."

"Hairudi. Nipe nakala nyingine, naisahihisha sasa hivi na barua unaondoka nayo."

Nakala! Yeye wa kuulizwa nakala!

"Karatasi huchanika," Penina alisema. "Hii nilidhani haichaniki." Kisha akalia waziwazi mbele ya vijana waliokuwa wakimwamkia.

Akakaa kwenye mashine, akaanza kuiandika upya kutoka kichwani. Vidole vilikimbia, lakini vidole havikumbuki kile ambacho kichwa kilikuwa kikifikiria kwa miezi minane. Saa tisa ilipogonga alikuwa na mistari mia mbili na kumi. Nafasi nyingine ya kuwasilisha ilikuwa mwakani.

Loisi alikuwa mlangoni anamsubiri, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Wameipokea, mwanangu?"

Penina alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa ameacha shamba lake likaota magugu miaka mitano. Angemwambia nini? Kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoiua kazi ile?

"Wameipokea, mama. Wamenirudishia nitunze."

Loisi akamshukuru Mungu kwa Kigogo, akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua diski kwa mikono miwili. Akainua kitambaa, akailaza juu ya spika, akakinyoosha kitambaa pembe zote nne. Kisha akawasha redio.

"Hapa hakuna wa kuigusa," alisema.

Penina akavua viatu, akakaa karibu naye, wakasikiliza habari.