Wageni Wasio Watu

Usiku ule mimi na Nereida tulikaa dukani kwake, mlango wa chuma umeshushwa, tukisubiri simu ilie. Mwanangu Yahir alikuwa ametoweka tangu mavuno ya miwa, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, mtu alikuwa ametuandikia: "Kijana wa pichani nilimwona. Nitawaambia mje wapi." Kisha kimya.

Nereida ana duka la fotokopi karibu na kituo cha mabasi, hapa Acayucan, Meksiko. Hakusomea kompyuta; alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Sisi akina mama tunaotafuta watoto wetu tulipotaka tovuti ya picha zao, yeye ndiye aliyetutengenezea, na ujira wake ulikuwa tamale za Jumamosi, vile vibumunda vya mahindi tunavyopika kwa mvuke.

Tovuti ile ilikuwa na sehemu ya kuhesabu wageni. Kila asubuhi tulikwenda kuitazama kama watu wanaokagua mahindi yaliyoanza kuchipua. Wageni walikuwa wengi, na wengi wao walitoka Urusi. Doña Soledad, bibi aliyetuzidi sote umri, aliamini watoto wamevushwa bahari. Tukawasha mishumaa ya kuwaita mlangoni pa kanisa, mji mzima ukiiona. Siku moja nilibonyeza anwani walikotokea wageni hao, moyo ukinidunda, nikakuta duka la dawa za kupunguza unene.

Nereida akatueleza. Wale hawakuwa watu. Zilikuwa mashine za wafanyabiashara zinazopiga hodi kwenye kila tovuti ili mwenye tovuti afuate nyayo zao hadi dukani kwao. Alitaka kuzichuja zote.

Doña Soledad akamtazama. "Binti, ukiwafuta hao, mwanangu atabaki na nani?"

"Atabaki na wanaomtazama kweli, mama."

Akazichuja. Wageni wakabaki wachache mno, na baadhi yetu wakaacha kumsalimu kanisani. Hakulalamika. Aliwachunguza wale waliobaki: karibu wote walitumia simu, na wote walitoka upesi. Akaifungua tovuti kwenye simu yangu kuukuu. Picha ya Yahir ilikuwa imekatika, limebaki sikio, na namba yetu ilikuwa ndogo kama mayai ya chawa.

"Wanaojua habari zake hawana kompyuta," alisema.

Akaipanga upya ienee kwenye simu: uso kwanza, chini yake kitufe cha kuandika bila kutaja jina. Ujumbe wa jioni ile ulikuwa umekuja kwa kitufe hicho.

Alfajiri, tukiwa bado dukani, ukaingia mwingine: nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha barafu. Tulikwenda kwa miguu. Nikabisha. Ndani, redio ikazimwa.

"Alikuwa na kovu chini ya kidevu?" iliuliza sauti ya mwanamke.

Kovu lile halionekani pichani. Nikasema ndiyo.

Sauti ikasogea karibu na mlango. "Basi msimwashie tena mishumaa ya kumwita, mama. Mwashieni ya kumwombea."

 Nikamwomba aniambie walimzika wapi, nikamchukue. Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango. "Fungua, mama mwenzangu. Sitamtaja mtu."

"Nina mabinti humu."

Kitasa kilisogea kidogo, kikatulia. Nereida akanishika bega, akakaa nami kizingitini. Jua lilipanda, likatuchoma, vivuli vikahamia upande wa pili wa njia. Mlango haukufunguliwa.