Kamba ya Ng'ombe wa Mama

Asubuhi ile mama alinituma sokoni nikanunue kamba. Ng'ombe wetu alikuwa mkorofi, alikwisha kuikata ile ya zamani, na mama alikuwa amemfunga kwa kipande cha shuka kuukuu. "Usichelewe," aliniambia. "Shuka hii haifiki kesho." Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikaondoka nikipiga mluzi.

Nilipotoka dukani, askari walikuwa wamelizingira soko.

Walituketisha chini, mikono kichwani.

Mmoja aliichomoa kamba kwapani mwangu. "Ya kumnyongea nani hii?"

Nikasema ya ng'ombe. Alicheka.

Kamba ilibaki kwake, mimi nikapandishwa lori. Ilikuwa Hali ya Hatari huko kwetu milimani, na kijana aliyeshikwa na kitu cha kutiliwa shaka hakuulizwa mara ya pili. Nilikaa kizuizini miaka mitatu. Wapo niliolala nao bega kwa bega ambao hawakutoka, na sitaki kuyasema zaidi ya hapo.

Kisha tukaambiwa upo mpango: vijana kama sisi tufundishwe kazi za mikono kabla ya kurudishwa makwetu, tusije tukaingia msituni. Wengine walipelekwa useremala. Mimi na wenzangu wanne tuliletwa Munje, pwani, upande wa Msambweni, tujifunze kusokota kamba. Hata leo najiuliza kama karani aliyeniandika alikuwa ananitania.

Mwalimu wetu alikuwa Bi Mwanasha, mjane wa Kidigo. Kamba za makumbi ni kazi ya wanawake huko, na siku ya kwanza wavuvi walitucheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alitufundisha kwanza kuamkia sawasawa, ndipo akatufundisha kazi. Makumbi ya nazi unayafukia kwenye tope la ufukweni, unayawekea mawe na mti wa alama, unangoja miezi yalainike, ndipo unayaponda upate nyuzi za kusokota pajani. Paja langu lilichubuka, mikono ikanuka tope, na Mungu anajua nilivyozipenda siku zile. Alipotupakulia wali wa nazi nilisahau kwamba mimi ni mfungwa.

Lakini barua ya kurudi nyumbani ilitolewa kwa aliyesokota kamba ikakubaliwa na mwalimu. Mwezi wa pili uvumilivu ulinishinda, nikafukua shimo langu. Makumbi yalikuwa magumu kama nilivyoyazika.

"Una haraka ya nini, mwanangu?" Bi Mwanasha aliniuliza.

"Mama anangoja kamba."

Nikamweleza yote. Alinirudishia makumbi mkononi. "Haya, yafukie tena. Utachukua yangu."

Akafukua shimo lake mwenyewe. Nilisokota pima nane, akaivuta pamoja na wavuvi wawili, haikukatika. Wiki ile nikapewa barua.

Kwetu sikupakuta. Nyumba zilikuwa zimechomwa, watu wamehamishiwa kijiji kilichozungushiwa seng'enge na handaki. Dada yangu Wanjiru alinipokea langoni, akaiona kamba begani mwangu, akalia kabla hajanisalimu.

Jioni ya siku ileile niliyokamatwa, shuka ilikatika. Mama alimfuata ng'ombe wakati saa za kutotoka nje zimekwisha kuanza.

Risasi moja.

Ng'ombe alirudi mwenyewe asubuhi.

Baada ya miezi michache nilimwachia Wanjiru kamba, nikarudi Munje, maana kazi niliyoijua ilikuwa huko. Nilimkuta Bi Mwanasha akiponda makumbi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

Nikamwambia. Aliuweka chini mti wa kupondea. "Mwenyezi Mungu amrehemu," alisema, kisha akanishika mkono tukashuka ufukweni. Mti wangu wa alama ulisimama palepale, na mawe yangu juu ya tope.

"Shimo lako hatukuligusa," alisema. "Sasa yameiva."

Tuliyafukua pamoja. Nyuzi zilitoka ndefu na laini, na kamba niliyosokota ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Sikuwa na wa kumpelekea.