Burulcha Hajui Pa Kukaa

Burulcha alirudi kijijini kwao, milimani juu ya mji wa Naryn, baada ya kusikia kwamba mama yake ameteleza kwenye barafu akienda kuchota maji. Kwa miaka mingi alikuwa Samara, Urusi, akipika kwenye kantini ya shule, na mumewe Taalai akiendesha basi.

Alimkuta mama ameshatoka hospitali, mguu umeunga upande. Siku alipopelekwa huko mashine ya eksirei ilikuwa mbovu, daktari akakisia tu. Burulcha alipandwa na hasira. Yeye alipopasuliwa kidole tumbo kule Samara, gari la wagonjwa lilifika hata hajamaliza kuvaa soksi.

"Kule wangekuunga vizuri, mama."

"Ulipolazwa kule, nani alikuja kukuona?"

Burulcha akakumbuka. Taalai alikuja mara moja tu, akitoka zamu. Mwingine hakuna. Mama yeye alibebwa na majirani juu ya zulia la sufu hadi kwenye lori, na wodini wageni wakajaa na sufuria zao za nyama mpaka nesi akawafukuza.

"Haya wifi, tuambie ukweli," alisema Zeinegul, mke wa kaka yake, akimimina chai. "Watu wanaishi vizuri wapi?"

"Kule maji ya moto yanatoka bombani."

"Hilo tunalijua. Nimekuuliza watu."

"Sijui, wifi."

"Miaka yote hiyo hujui? Ulikuwa umelala?"

Wote wakacheka, Burulcha naye akacheka, lakini usingizi wa usiku ule ulikuwa wa mang'amung'amu.

Majira ya kuchipua alikuwa bado yupo, akikamua ng'ombe, mikono imepasuka. Umeme ulikatika ovyo. Majirani waliingia bila hodi, wakafunua vyungu, wakamuuliza mbona amekonda. Alitamani awafungie nje. Siku wasipokuja, alichungulia dirishani kuona wamepatwa na nini. Taalai akipiga simu kuuliza anarudi lini, Burulcha alimsimulia habari za ng'ombe. Moyoni alitamani mume aseme tu, "Nakuja, tukae huko."

Kiangazi Taalai akaja kumchukua. Alipanga kukaa wiki moja. Wiki ya tatu alikuwa bado anafyeka majani na shemeji zake, shingo imeungua na jua, anakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Jioni moja akasema, "Burulcha, tukae."

Burulcha akajisikia akijibu, "Na ukiugua? Daktari akisie?"

"Si wewe uliyetaka kukaa?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Usiniulize, baba. Nikiwa huku naona mazuri ya kule. Nikiwa kule naona ya huku. Sijielewi."

Walibishana hadi mavuno, mara huyu anataka kuondoka, mara yule. Mwishowe walifunga mizigo kwa sababu kazi ya Taalai ilikuwa inapotea. Walimwomba mama waende naye. Akakataa.

"Nikazungumze na nani kule? Ninyi wenyewe mnashinda kazini."

Zeinegul aliwasindikiza hadi kwenye gari, akawatia mikate ya kukaanga mapajani.

"Mnarudi lini?"

"Mwakani," alisema Taalai.

"Baada ya miaka miwili," alisema Burulcha, wakati huohuo.

Wakatazamana. Dereva akawasha gari.