Mkato Mmoja Kwenye Plagi

Jina la Sikio alibandikwa na shemeji yake, wala hakubandikwa kwa mapenzi. Siku ya kwanza alipokaa kwenye meza ya mumewe, pale uwanja wa mafundi pikipiki, alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye injini iliyokuwa ikinguruma, mpini akauweka sikioni. Shemeji, mdogo wa mumewe, mwenye meza ya pili, alicheka mpaka spana ikamponyoka.

"Jamani, njooni muone! Shemeji anapigiwa simu na injini!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na jina likamganda kama grisi kwenye suruali.

Mumewe alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori, nyumbani akawa anarudi mara mbili kwa mwezi. Meza akamwachia mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye miaka minne akiosha vipuri kwa petroli hadi ngozi ya vidole ikambabuka. Ilikuwa meza nzuri, karibu na lango, kila anayeingia lazima aipite. Shemeji alikuwa ameitolea macho siku nyingi. Tangu hapo, ingawa waliishi nyumba moja kwa mama mkwe, salamu zao zikawa za kutupiana kama mawe.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama. Naona leo jua limekutoa kitandani kwa nguvu."

Sikio alikuwa na desturi yake moja. Kila plagi mpya, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, kabla ya kuifunga, aliitia mkato mmoja kwa msumeno wa chuma, pale kwenye kingo zinazoshikwa na spana. Shemeji hakuacha kumkejeli. "Anazitoga masikio kama mabinti," alisema. "Kesho atazivalisha hereni." Sikio aliendelea na msumeno wake. Alikuwa ameshaona kwamba pale uwanjani kitu kikiharibika, hatafutwi aliyekiharibu. Anatafutwa wa kuangushiwa.

Na zamu yake ikafika. Asubuhi moja mwenye maziwa aliingia akiisukuma pikipiki yake, madumu mawili yakining'inia ubavuni, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Hakusalimia mtu.

"Fundi gani wewe? Wiki haijaisha tangu uishike, sasa ule mlima wa tangi la maji haupandi! Inagonga kama inataka kupasuka! Maziwa yangu yanachacha njiani, wewe umekaa hapa na bisibisi yako sikioni!"

Watu wakajaa. Mwenye uwanja naye akatoka kibandani kwake, mama mmoja mnene aliyefunga funguo kiunoni, ambaye wote walimwita Mama Funguo.

"Nini tena?"

"Shemeji kaua injini ya mtu," shemeji akadakia, akijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Nilisema mimi. Kazi hii haina huruma."

Mama Funguo akamtazama Sikio juu hadi chini. "Sikia, binti. Sitaki uwanja wangu uitwe makaburi ya pikipiki. Kama umeiharibu, leo hii unakusanya vyombo vyako. Meza anachukua shemeji yako."

Sikio hakugusa chombo hata kimoja. "Kabla sijakusanya, niisikie kwanza." Akamgeukia mwenye maziwa. "Panda. Iwashe. Kanyaga breki ya nyuma, tia gia, achia klachi kidogo, halafu uvute mafuta."

Injini ikabanwa, ikalalamika. Ndani ya ule mngurumo wote wakasikia kitu kingine, kre-kre-kre, kama mbegu kavu ndani ya kopo la bati.

"Valvu hizo," shemeji akasema. "Amezikaza ovyo."

"Valvu ingegonga hata injini ikinguruma bila kubanwa. Hii inagonga ikibanwa. Izime."

Akaikamata plagi kwa tambaa, akaifungua ikiwa bado ya moto. Ule udongo wa kauri unaozunguka ncha ulikuwa mweupe kama mfupa, na juu yake kulikuwa na chembe ndogo ndogo zinazometa. Akaizungusha, kingo moja baada ya nyingine. Zote laini.

"Hii siyo yangu."

"Ahaa!" Shemeji akapiga makofi. "Fundi akishindwa, plagi inakuwa yatima!"

"Haikutogwa masikio, shemeji. Wewe ndiye uliyewatangazia watu kwamba zangu zote nazitoga." Akamgeukia tena mwenye maziwa. "Fungua siti."

"Ya nini?"

"Mwendesha pikipiki anatupa kila kitu, hata mke. Plagi ya zamani hatupi. Fungua."

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Mwenye maziwa akasitasita. Mama Funguo akatikisa funguo zake. Siti ikafunguliwa, na chini yake, ndani ya kitambaa, ikatoka plagi nyeusi iliyolowa oili. Ubavuni ilikuwa na mkato mmoja.

Mwenye maziwa akatazama chini. "Ilikuwa inamisi kila asubuhi, inawaka na kukatika. Huyu," akamwonyesha shemeji kwa kidevu, "akaniambia ya kwako mbovu. Akanipa hiyo, akasema ni ya moto zaidi, haishiki oili."

"Ni kweli haishiki oili, inaiunguza," Sikio akasema. "Na mimi nilikwambia nini siku ile? Nilikwambia ringi za pistoni zimekwisha, oili inapanda juu, plagi italowa. Ukaniambia natafuta kazi. Sasa ona." Akamwekea ile nyeupe chini ya pua. "Unaona hivi vinavyometa? Hiyo ni pistoni yako. Inaliwa na joto la plagi hii. Ungepanda ule mlima siku chache zaidi, ingetoboka."

Mwenye maziwa akayatazama madumu yake.

"Basi, basi," Mama Funguo akasema, akigeuka kurudi kibandani. "Mambo ya familia hayo, kamalizaneni nyumbani."

"Hapana, mama." Sikio alikuwa amesimama mbele ya meza yake, spana mkononi. "Kunifukuza ulinifukuza mbele za watu. Na kunibakiza nibakize mbele za watu."

Mama Funguo akazihesabu funguo zake kama anayezitafutia mlango.

"Meza ni yako," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetema mbegu.

Shemeji akasogea karibu. "Mama yangu atasikia ulivyoniumbua. Nyumbani tutaonana."

"Nyumbani ndiko nilikokuacha umelala leo. Chukua mali yako." Akaitupa plagi nyeupe mezani kwa shemeji; ikabingirika, ikaanguka mchangani. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Sasa... niwekee basi nyingine," mwenye maziwa akasema chini chini.

"Nitakuwekea ya kukufikisha nyumbani, bila mlima. Kesho unaileta tufungue ringi. Hutaki, kwake kule."

"Nitaleta."

Sikio akatoa plagi mpya, akaibana kwenye jiliwa, akashika msumeno. Akaukata ule mkato taratibu kuliko siku zote, shemeji akiusikiliza hadi mwisho.