Kukaa Karibu na Mtu Anayeomba

Mke wangu aliomba kila siku asubuhi na jioni, na kwa miaka mingi sehemu yangu ilikuwa kukaa karibu naye tu.

Alikuwa anaamka alfajiri, adhana ya msikiti wa mtaa ikiisha. Sisi ni Wakristo, lakini hapa Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, kila mtu huamka kwa adhana, aende msikitini asiende. Alijifunga kitambaa kichwani, akawaamsha watoto, tukakusanyika chumba cha mbele, na yeye akaanza kumpa Mungu habari za nyumba. Hakuwa na maneno makubwa. Alisema mvua imeingia upande wa mlango, mawese yamebaki kidogo, mtoto wa pili anakohoa, jirani amekosana na mume wake, utusaidie. Asiyemjua angedhani anazungumza na dada yake aliyesimama nje ya dirisha. Jioni, kabla ya kula, alisema tena, akieleza siku ilivyokwenda.

Kabla ya vita mimi pia niliomba. Nilikuwa fundi wa baiskeli, na kanisani niliimba sauti ya chini katika kwaya. Tulikuwa tumegawana: asubuhi yeye, jioni mimi. Sikuwahi kuona kama ni jambo la kufikiria. Ilikuwa kama kunawa mikono.

Halafu vita vikafika Kindu. Treni ilikoma kuja. Chumvi ikapotea sokoni, sabuni ikafuata. Ndani ya mji kulikuwa na watu wenye bunduki, na porini kuuzunguka mji kulikuwa na wengine wenye bunduki, na mashamba yetu yalikuwa katikati yao. Tulikula sombe, yaani kisamvu, bila chumvi, kisha tukala majani ambayo zamani tulikuwa tunayafyeka na kuyatupa. Mke wangu aliyashukuru majani hayo kwa sauti ileile aliyoshukuru wali.

Tulikuwa na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa msichana, ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Dada mkubwa wa mke wangu alikuwa anaishi Kailo, na tulisikia kwamba kule muhogo ulikuwa bado unapatikana. Nikaamua kwenda na baiskeli. Mke wangu alishika usukani, akaomba kwa ufupi, akaniachia. Nilifika salama, shemeji akanipa gunia la muhogo mkavu, nikaanza kurudi. Njiani nilikutana na watu wenye bunduki. Walichukua muhogo, wakachukua baiskeli, na mimi mwenyewe wakanichukua nikabebe mizigo yao. Tulikuwa wanaume wengi kidogo, wote tumekamatwa barabarani au mashambani. Walitutwisha masanduku yaliyofungwa, tukaingia njia za msituni kuelekea mji uitwao Kama.

Kati yetu kulikuwa na mkulima mmoja, mtu wa makamo, Mkristo. Magoti yake yalikuwa mabovu na alitembea kama anayekanyaga miiba. Siku ya kwanza tulipopumzika alimgeukia mkubwa wa wale watu, mwanamume mwenye ndevu na kofia ya sufu, akamwambia:

“Mukubwa, utuache tuombe kidogo.”

“Muombe,” yule akajibu. “Lakini mbio.”

Mkulima akaomba. Aliombea wake zetu, miguu yetu na njia. Aliwaombea hata waliotukamata. Sisi tulikuwa tumeinamisha vichwa. Nilipofungua macho nilimwona yule mkubwa amevua kofia yake, ameishika kifuani kwa mikono miwili, bunduki inaning'inia begani. Akasema “Amina” pamoja na sisi. Aliisema vizuri, kama mtu aliyelelewa kanisani. Akavaa kofia, akasema: “Musimame. Mubebe.”

Ikawa desturi. Kila tulipotua mizigo mkulima aliomba, na kila alipoomba yule mkubwa alivua kofia.

Asubuhi moja magoti yalikataa kabisa. Mkulima alijaribu kusimama akishika mti, akakaa tena. Mkubwa alimtazama, akawaamuru wengine wagawane sanduku lake. Tukaondoka. Mmoja wa wenye bunduki alibaki nyuma pamoja naye. Tulisikia mlio mmoja, na yule aliyebaki akatufikia akiwa peke yake. Hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa natazama visigino vya mtu aliyekuwa mbele yangu. Vilikuwa vimepasuka, na matope yameingia ndani ya mipasuko. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka.

Jioni, tulipotua mizigo, mwenzetu mwingine alianza kuomba kwa sababu ilikuwa saa ya kuomba. Aliendelea mpaka mwisho. Yule mkubwa akavua kofia. Akasema “Amina.”

Mimi sikuitika. Sikukasirika wala sikuamua chochote. Nilitafuta neno lile mdomoni, sikulikuta, basi.

Tulipofikisha masanduku walikotaka, karibu na mashimo ya dhahabu, walitufukuza kama mbuzi. Nilirudi kwa kupitia misitu, nikila nilichopewa na watu wa vijiji, mpaka nikauona mji.

Mke wangu hakuwa nyumbani. Jirani yetu, mama Mwislamu ambaye ua wake umepakana na wetu, alinikalisha kwenye kiti chake, akatuma watu wamwite. Alikuja na jembe mkononi. Hakupiga kelele. Alinishika mabega, akanitazama usoni, akaenda kuchemsha maji. Watoto wawili wakubwa walisimama mlangoni, wananiangalia kama mgeni. Alinikanda miguu kwa maji ya moto, na alipomaliza, huku ameinama juu ya beseni, akaniambia mtoto wa mwisho amekufa. Ilikuwa homa na kuhara. Dawa haikuwepo. Wanaume wa kanisa na mume wa jirani ndio waliochimba kaburi.

Nilisikia maneno yote, nikayaelewa. Nikamuuliza kitu kimoja.

“Ulimuomba Mungu?”

“Nilimuomba.”

“Sasa?”

“Sasa mutoto alikufa.”

“Na bado unaomba?”

Alikamua kitambaa, akakitundika. “Papa,” akasema, “nitaongea na nani ingine?”

Adhana ya magharibi ilipolia aliita watoto. Tulisimama wote wanne katika chumba cha mbele. Alimwambia Mungu kwamba baba amerudi, miguu yake ina vidonda, na kwamba muhogo haukufika. Alisema asante. Mimi nilisimama macho wazi, nikitazama ukuta. Alipomaliza, watoto wakasema amina, na mimi nikakaa.

Aliniona. Baada ya muda, vidonda vikiwa vimekauka, aliniuliza tukiwa wawili tu, anachambua sombe.

“Papa, unaacha macho wazi.”

“Ndiyo.”

“Jioni hautaomba tena?”

“Haiko. Ninatafuta, haiko.”

Alichambua majani mengine kadhaa. “Muzuri. Mimi nitaomba asubuhi na jioni. Wewe ukae na sisi tu. Usitoke inje.”

Hayo ndiyo yakawa mapatano yetu. Hakuniuliza kilichotokea msituni, nami sikumwambia. Nilikaa. Vita vilipungua, watu wakarudi mashambani, siku moja treni ikapiga honi tena na mji mzima ukakimbilia stesheni. Nilipata vifaa, nikafungua tena karakana yangu chini ya kibanda cha mabati. Kanisani nilienda, nikakaa nyuma, kwaya sikurudi. Wachungaji walibadilika, kila aliyekuja alijaribu kuzungumza nami, nikamwitikia kwa heshima, akachoka. Nyumbani nilikaa kwenye benchi ileile asubuhi na jioni, nikimsikiliza mke wangu akitoa habari. Nilijua mambo mengi ya mtaa kwa njia hiyo. Nilijua binti yetu ana mchumba kabla hajaniambia mwenyewe, kwa sababu mama yake alimtaja mbele ya Mungu mara nyingi mno.

Wakati mwingine watu huniuliza kama nilikuwa na huzuni miaka ile yote. Ningekuwa na huzuni ningejua. Nilikula, nikalala, nikaziba mipira ya baiskeli, nikacheka pale ambapo wengine walicheka. Ilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Ni wako, unauona, ukiugusa unagusa mguu wa mtu mwingine.

Watoto walioa na kuolewa. Kijana wetu yuko Kisangani. Binti yuko hapahapa Kindu, ng'ambo ya mto. Tulibaki wawili ndani ya nyumba, na sala ya asubuhi ikawa fupi zaidi, kwa kuwa habari zilipungua.

Mwaka jana presha ilimpanda mke wangu akiwa sokoni. Walimleta akiwa amelala kwenye mkokoteni, mdomo umevutwa upande mmoja. Hospitali walimtunza, wakaokoa uhai wake, lakini mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakaondoka. Siku tuliporudi nyumbani akina mama wa kanisa walijaza chumba. Waliimba, wakamwekea mikono, wakaomba kwa sauti kubwa wakilia. Yeye aliwatazama mmoja mmoja. Walipokwisha walituachia wali na samaki, wakaenda zao.

Alfajiri iliyofuata adhana ililia. Nilikuwa nimeamka, nimelala chali. Nikasikia kugonga. Alikuwa anapiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, taratibu, bila kuacha.

“Unataka maji?”

Aliendelea kugonga.

“Unataka kugeuka?”

Akagonga. Nikajua alichotaka. Hakuna aliyeishi katika nyumba ile ambaye asingejua.

“Mama,” nikamwambia, “mimi siwezi. Unajua.”

Alinitazama kwa jicho lile lililofunguka vizuri, akagonga. Basi nikaketi kitandani, nikajaribu kukumbuka yeye alikuwa anaanzaje. Nikasema: “Mungu, asubuhi imefika. Mama ameamuka. Usiku alilala muzuri. Mukono wa kuume haujasogea. Jirani ametuma uji. Niko na baiskeli mbili za kutengeneza. Njo habari.” Hizo ndizo habari zote nilizokuwa nazo. Yeye akatoa sauti kooni, fupi, na mkono wa kushoto ukatulia juu ya ubao. Nikaenda kuwasha moto.

Jioni aligonga tena.

Tangu siku hiyo ninaomba mimi. Sikupata mwanga wowote, na sauti sikuisikia. Nilimwambia mke wangu wazi, kwa sababu sikutaka adhani jambo lisilokuwepo: “Mimi ninasema tu. Ndani hamuna kitu.” Alipandisha bega lake zima, kama mtu anayesema, kisha?

Kanisani habari ilienea. Mchungaji alifurahi, akanishika mkono mlangoni.

“Papa, Jumapili usimame utoe ushuhuda. Watu wasikie namna Bwana amekurudisha.”

“Muchungaji,” nikamjibu, “sina ushuhuda. Niko na mugonjwa mwenye alizoea kuomba asubuhi.”

Akacheka kidogo, akadhani ni unyenyekevu, akaniacha.

Lakini kuna siku habari ziliisha. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima, hakuna aliyekuja karakana, hakuna aliyetutembelea. Nilimwambia Mungu kwamba mvua imenyesha, na hapo nikakwama. Mke wangu alikuwa ameegemea mto, anangoja. Nikaanza kusema habari ya mkulima mwenye magoti mabovu. Sikuwa nimepanga. Nilieleza alivyoombea miguu yetu, mkubwa wa bunduki alivyovua kofia, na mlio uliosikika nyuma yetu. Nilieleza visigino vilivyopasuka. Nilisema simjui jina, na kwamba labda kwao bado wanamngoja, na mimi ninajua alipo na siwezi kupaona tena. Nilisema kwa sauti ileile ya kutoa habari ya uji na baiskeli, na nilipofika mwisho nikasema: “Njo habari.”

Mke wangu alikuwa analia. Machozi yalitoka upande mmoja zaidi ya mwingine. Alinyoosha mkono wa kushoto, akanishika kiwiko, kwa sababu ndicho alichofikia. Tulikaa hivyo mvua ikigonga mabati. Mimi sikulia. Nilisikia vidole vyake vimebana, vina nguvu kuliko nilivyodhani. Kisha nikaenda kupakua chakula, maana kilikuwa kinapoa.

Sasa anaweza kuketi mwenyewe na kula kwa mkono wa kushoto. Amepata maneno machache, na si yale ambayo mtu angechagua: “hapa,” “bado,” “chumvi,” na jina la mjukuu. Binti anavuka mto siku za soko, anamsuka nywele. Kijana anapiga simu kutoka Kisangani, na juzi aliniomba nimwombee mtoto wake mwenye homa. Nilitaka kumwambia amtafute mchungaji. Mke wangu akaitoa simu mkononi mwangu, akaiweka mezani ikiwa na sauti kubwa, akanitazama.

Nikasema: “Mungu, mutoto wa Kisangani iko na homa tangu jana. Wamemupatia dawa. Mama yake hajalala. Utusaidie.”

Kule upande wa pili kijana wangu akasema amina. Mke wangu naye akafungua mdomo, akahangaika nao, akatoa neno alilokuwa nalo.

“Bado,” akasema.

Nikangoja aniambie ni nini kilichobaki. Alinyoosha kidole kwenye simu, kisha kwangu. Basi nikaendelea.