Kitufe cha Kufuta

Kazini walimwita Mama Vitufe, kwa kuwa vitufe alivyoviunda kwenye kompyuta vilitumiwa na maduka mengi ya mtandaoni kupanga bidhaa zao. Asubuhi hiyo alikuwa amevibadilishia nafasi vitufe vya "Hifadhi" na "Futa", akidhani anapendezesha. Kisha akakumbuka hakuwaarifu wenye maduka; tangu hapo kiti hakikumkalika, roho iko juu juu. Akampigia dada yake, muuza viatu mtandaoni aliyetumia vitufe hivyo hivyo.

"Mdogo wangu, umenimaliza! Kidole kimezoea kulia. Viatu vya watoto vyote nimevifuta!"

"Usiguse kitu, dada. Navirudisha."

Akarudisha vitufe mahali pake, akarejesha na vilivyofutwa, na viatu vikaonekana tena. Dada akacheka, akashukuru. Yeye hakucheka. Alianza kuyapigia maduka mengine, moja baada ya jingine, akizunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga.