Kondoo Mwenye Miguu Mitatu

Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimebeba chumvi Kabatoro, nimepara samaki Hamukungu, nimelala pande zote mbili za mpaka. Nikiona mtu anatengeneza kitu, lazima nijue kinatengenezwaje. Ndivyo nilivyojikuta mwaka jana, mzee wa mvi, nimesimama mlangoni kwa jirani yangu wa Kasese, mama wa Kikenya ambaye mumewe yuko kiwanda cha saruji. Alikuwa akichoma bonge la sufu kwa sindano, choma, choma, mpaka likaota masikio ya sungura.

"Mbona sindano haina uzi?" nikamuuliza.

"Ina vimeno. Vinavuta sufu ndani, inashikana. Sasa ingia ama utoke, mzee, unanizibia mwanga."

Nikataka kutengeneza kondoo. Nikaenda mpaka Nyakiyumbu kuomba manyoya, nikarudi nayo mfuko mzima, nikayachoma juu ya kipande cha godoro hadi bega likauma. Hayakushikana hata kidogo. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

"Hizi ni nywele tupu! Kondoo wenu ni mbuzi waliobatizwa!"

Akanipa sufu nyeupe aliyoletewa kutoka kwao. Hiyo ilitii. Mwili ukapatikana, kichwa kikapatikana. Miguu ndiyo kazi, alinionya. Usipoichoma ikakaza, kondoo atalala kifudifudi.

Nilikuwa kwenye mguu wa tatu aliponishika mkono.

"Mzee, unatoka damu."

"Wapi?"

Mguu wa kondoo ulikuwa mwekundu. Kidole changu kilikuwa na matundu kama chujio.

"Na hukuskia uchungu?"

Nikamwambia ni chumvi ya Kabatoro, imenifanya sugu. Safari hii hakucheka.

"Baba yangu pia alikuwa anasema ni usugu. Enda hospitali."

Nikaitikia. Kisha nikafanya ninachofanya siku zote jambo likinikaba: nikabeba begi, nikaenda Bwera, kwa rafiki wa zamani. Lakini sindano ilikuwa mfukoni. Kila nilipoketi peke yangu nilijichoma vidole kimoja kimoja, nikitafuta kilicho hai. Gumba lilikuwa linasikia. Kidole cha mwisho pia. Vingine vilikuwa vya mtu mwingine. Nikavumilia mpaka sikuweza kula, ndipo nikaenda zahanati.

Muuguzi, binti mdogo kwangu, alipima damu akatikisa kichwa.

"Sukari iko juu sana, muzee. Toa viatu."

"Musawo," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita wauguzi huku, "ugonjwa uko mikononi."

"Toa viatu."

Nikavua. Akainua mguu wa kulia, akachukua koleo.

"Hii musumari umetembea nayo tangu lini?"

"Msumari gani?"

Akanionyesha. Ulikuwa umepita soli, umeingia unyayoni, na nyama kuuzunguka ilikuwa imeoza. Nilitoka Kasese nao. Huenda nilikwenda Nyakiyumbu nao.

"Sikiliza," akasema akiufunga mguu. "Ukitembea na hii kidonda, watakukata mguu. Unakaa chini. Mutu wako wa kukuangalia ni nani?"

Nimewahi kuulizwa mengi njiani, hilo sikuwa nimeulizwa. Mwishowe nikamtaja jirani.

Nimerudi Kasese. Jirani hakusema "nilikuambia". Alileta kioo kidogo cha kunyolea, kwa sababu mtu hawezi kuona unyayo wake mwenyewe. Nakaa mlangoni kwake na kipande changu cha godoro. Kondoo ana miguu mitatu, mmoja una doa la kahawia lisilotoka. Wa nne nauchoma taratibu, macho kwenye kidole, maana kidole hakiniambii kitu tena.

"Umeangalia?" anauliza kutoka ndani.

Naweka sindano, nageuza kioo.

"Kidonda kiko aje?"

"Kama jana."

"Hakijafunga?"

"Hakijapanuka," namjibu, na ninauchukua tena mguu wa kondoo.